Jibu Nililoandika kwa Jina la Mke Wangu

Ipo Jumapili moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka nahisi masikio yakipata moto, ingawa imepita miaka zaidi ya thelathini na wengi waliokuwapo siku ile wameshatutangulia. Nilikuwa nimelala na malaria katika nyumba yetu ya Ikwiriri, hatua chache tu kutoka kanisani, na mke wangu Tabita alikuwa amesimama mbele ya watu mahali pangu.

Nikueleze kwanza tulikuwa nani. Mimi na Tabita tulitoka Njombe. Nilikuja Rufiji kufuata mbao, nikafungua karakana kando ya barabara kuu, nikitengeneza milango, vitanda na makabati. Wakristo wa Ikwiriri wakati ule tulikuwa wachache sana: walimu waliohamishiwa, askari wawili na wake zao, muuguzi wa zahanati, na sisi wa bara tuliokuja na biashara zetu. Majirani zetu karibu wote walikuwa Waislamu, Wandengereko na Wamatumbi, na tuliishi nao vizuri. Idi tulikula kwao, Krismasi walikuja kwetu. Kanisa letu lilikuwa la udongo na bati, mtaa mdogo chini ya usharika wa Kibiti, na Mchungaji alikuja mara moja kwa mwezi kwa pikipiki kutupa Chakula cha Bwana. Jumapili nyingine tuliongozwa na mwinjilisti wetu. Alipougua akarudi kwao, nikaongoza mimi. Nilikuwa mzee wa kanisa nikiwa na miaka thelathini na miwili, na uzee ule niliupenda kuliko inavyofaa.

Nikwambie kweli, niliupenda sana. Mabenchi yote ya kanisa niliyachonga mimi. Mimbari niliichonga mimi, kwa mninga mzuri. Nilipokuwa nikipanda pale nilijiona kama baba anayeingia sebuleni kwake.

Na Tabita? Nilipomwoa alikuwa ameishia darasa la pili. Nilimfundisha kusoma mwenyewe, jioni baada ya kazi, kwa kitabu cha nyimbo, kidole changu juu ya kidole chake. Niliifurahia kazi ile. Nilipenda alivyokwama na kunitazama. Nilipenda kwamba mimi ndiye niliyejua. Alipoweza kusoma ukurasa mzima bila kunitazama, nilimsifu kwa mdomo, lakini moyoni nilipoa kidogo. Sikujua ni nini. Laiti ningejua siku zile zile.

Basi, Jumapili ile. Homa ilinikamata tangu Ijumaa, na Jumapili asubuhi sikuweza kusimama. Nikamwambia Tabita, "Waambie waimbe, wasome Neno, waombe, wakatawanyike." Akaniuliza, "Wakitaka kuelezwa?" Nikamwambia, "Utawaeleza nini wewe?" Wala sikusema kwa ubaya. Niliona ni swali la kawaida.

Nilipokuwa kitandani nilisikia wimbo wa kwanza, wimbo wa pili, kisha kimya. Mwanangu, mimi nilikuwa nakijua kimya cha kanisa letu. Nilipohubiri mimi, mabenchi yalilia, watu walikohoa, watoto walitoka kwenda kunywa maji. Siku ile hapakulia benchi hata moja. Kimya kikaendelea, sauti moja tu ikisikika kwa mbali. Nikajifunga blanketi, nikatoka nikitetemeka, nikaenda kusimama nyuma ya ukuta karibu na dirisha.

Alikuwa akiwaeleza habari ya mjane aliyebakiwa na unga wa mlo mmoja. Hakupanda mimbarini. Alisimama chini, mbele ya benchi la kwanza, mikono ameifumbata. Akasimulia jinsi maji ya mto yalivyochukua mpunga wetu mwaka uliopita, na jinsi alivyokuna chini ya debe kutafuta unga wa uji wa Neema, binti yetu, na ni nini alichomwambia Mungu asubuhi ile akiwa ameshika debe tupu. Habari ile mimi sikuwahi kuisikia. Nilikuwa nimekula uji ule ule nikaenda kazini. Mke wa askari alikuwa akilia waziwazi. Mwalimu mkuu, ambaye kwenye mahubiri yangu alikuwa akisinzia, alikuwa ameinama mbele kama anayetaka kushika kila neno.

Ungedhani nilifurahi. Mume yeyote angefurahi. Mimi nilihisi kitu kama sindano hapa chini ya kifua, na wazo la kwanza lililonijia lilikuwa hili: mbona hakuniomba ruhusa ya kusema habari za debe letu?

Mchana watu walikuja kunitazama mgonjwa. Walikaa kitandani kwangu wakazungumza habari za Tabita. "Baba Neema, umetuficha kitu hapa nyumbani," akasema mke wa askari. Nikacheka. Meno yalicheka, mwanangu.

Nilipona, nikarudi mimbarini. Lakini kuanzia hapo watu wakaanza kusema, "Leo Mama Neema asome." "Mama Neema atuombee." Mtu alikuja karakana na kigoda kilichovunjika mguu, nikadhani amekuja kwangu, kumbe anauliza, "Mama yupo? Mtoto wangu anaumwa, nataka aje amwombee." Kigoda akaniachia mimi, maombi akayapeleka kwake. Mzee wa kanisa alikuwa nani, mimi au yeye?

Nikaanza kuhesabu. Nilihesabu waliomsalimia yeye kwanza kabla yangu. Nilihesabu mara alizotajwa. Alipokuwa akisoma, nilikuwa nikisikiliza makosa tu, kama fundi anayetafuta ufa kwenye ubao ili aukatae. Jumapili moja alikwama kwenye neno "wakastaajabu". Alijaribu mara mbili. Mtu mwingine angengoja. Mimi, nikiwa nimekaa benchi la mbele, nikalitamka neno lile kwa sauti kubwa, silabi kwa silabi, kama mwalimu anayemfundisha mtoto. Watoto wakacheka. Tabita akanitazama kidogo, akasema, "Asante, Baba Neema," akaendelea kusoma mpaka mwisho. Nilikaa pale na ushindi wangu, nikaona hauna ladha, lakini sikuuachia.

Na usidhani nilikuwa na sura ya mtu mbaya. Nilikuwa namsaidia kuchota maji. Nilimnunulia kitenge. Kijicho hakikunizuia kuwa mume mwema machoni pa watu; kilikaa ndani tu, kikila polepole.

Siku moja ya mavuno Mchungaji alikuja karakana. Tabita hakuwapo; alikuwa bondeni shambani karibu wiki nzima akilinda mpunga, akikaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti wanachojenga wenyeji wa huku ili kuwaona ndege na nguruwe. Mchungaji akakaa juu ya gogo, akavua kofia yake ya pikipiki.

"Zakaria," akasema, "chuo cha wainjilisti wametupa nafasi moja usharika mzima. Mwaka mmoja. Baraza limemtaja mkeo."

Nilikuwa nimeshika randa. Nikaendelea kupiga randa ubao ambao ulikuwa umeshanyooka.

"Mkeo," akarudia. "Najua ni jambo zito kwa nyumba yenye watoto wawili. Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza. Kaongeeni. Jibu lake nilipate kabla ya Ijumaa, maana wasipopata jina letu, nafasi itakwenda kwingine."

Nikasema, "Nitamwambia."

Ilikuwa Jumatatu. Kutoka karakana mpaka shambani kwetu ni mwendo wa saa moja kwa baiskeli. Jumanne sikwenda. Nilijiambia nina kazi ya mteja. Jumatano sikwenda, nikajiambia kwamba atachoka, kwamba Neema na mdogo wake Amosi watapata taabu, kwamba mwanamke aliyesoma kwa kidole cha mumewe hawezi masomo ya chuo na nitamwepusha na aibu. Sababu zilikuwa nyingi na zote nzuri. Lakini wazo lililokuwa likiziendesha lilikuwa moja tu. Nilikuwa namwona anarudi amevaa vazi la mwinjilisti, anapanda kwenye mimbari niliyoichonga kwa mikono yangu, na mimi nimekaa chini natazama juu.

Alhamisi nikachukua karatasi, nikaandika: "Mama Neema anashukuru sana kwa kufikiriwa. Ila kwa sababu ya shamba na watoto, anasema hawezi." Nikaikunja, nikampa kondakta wa basi la Kibiti ampelekee Mchungaji. Basi lilipoondoka nilihisi nafuu kubwa, mwanangu, kama mtu aliyetua gunia. Jumamosi jioni Tabita alirudi, amechomwa na jua, jirani akimsukumia gunia la mpunga wa kwanza kwa baiskeli. Nikampokea. Sikumwambia kitu.

Mwezi uliofuata Mchungaji alikuja kwa ajili ya Chakula cha Bwana. Baada ya matangazo akasimama, akasema mbele ya watu wote, kwa upole kabisa, "Nataka nimshukuru Mama Neema. Baraza lilimchagua kwenda chuo, naye akatujibu kwa unyenyekevu kwamba shamba na watoto vimemzuia. Tumesikitika, lakini tunaheshimu uamuzi wake. Mungu akipenda, siku nyingine."

Nilikuwa nimekaa upande wa wanaume. Nikamwona Tabita akiinua uso. Akamtazama Mchungaji, akanitazama mimi. Nilijua kwamba ameelewa yote, pale pale, bila kuhitaji mtu wa kumweleza. Nikangoja aseme. Watu walikuwa wamegeuka kumtazama. Akasimama, akashusha pumzi, akasema, "Ni kweli, Mchungaji. Shamba lilinizidi." Akaketi.

Tulirudi nyumbani. Akapika, akatenga, tukala. Nilitamani agombe. Ningalijua la kujibu. Watoto walipotoka kucheza akaniuliza swali moja tu: "Nilikukosea nini?"

Nikamwambia, "Nilikuonea huruma. Mwaka mzima ni mwingi." Ule ulikuwa uongo wa pili, nao ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza, kwa sababu niliusema nikimtazama machoni.

Akanyanyuka, akachukua kitabu chake cha Neno, akakizungushia kanga, akakiweka chini kabisa ya sanduku la nguo. Tangu siku ile hakusoma kanisani. Wakimwomba aombe, alisema, "Aombe Baba Neema." Akiitwa kwa mgonjwa, alikwenda, akafua, akapika, akarudi. Kinywa chake cha mambo ya Mungu alikifunga. Na mimi nikapata nilichokitaka: mimbari ikawa yangu peke yangu, na mabenchi yakarudi kulia, na mwalimu mkuu akarudi kusinzia. Halafu, hebu sikia ujinga huu, bado niliona wivu! Watu waliponiuliza, "Mama Neema ana nini siku hizi?" nilikasirika kwamba hata akinyamaza wanamtafuta.

Siku hizo nilikuwa na kazi ya kutengeneza mlango wa madrasa. Mwalimu wa pale alikuwa Maalim Mkumba, Mndengereko mtu mzima, mpole, anayeheshimiwa mji mzima. Nilipokwenda kuufunga mlango alikaa kwenye jamvi akinitazama nikipigilia bawaba. Nikaona hapa ndipo nitakapopata mtu wa kunielewa. Nikamwambia, "Maalim, hivi mwanamke kusimama mbele ya wanaume akawafundisha dini, wewe waonaje?"

Akatabasamu. "Sisi tuna utaratibu wetu, fundi, na ninyi mna wenu. Waniuliza wa kwetu au wa kwenu?"

"Naomba mawazo yako tu."

"Mama Neema kakufanyia nini?"

Nikamsimulia. Nilisimulia kama mume mwenye busara anayeilinda nyumba yake. Nilipofika kwenye ile karatasi akaninyooshea mkono ninyamaze.

"Yeye alisema hawezi?"

"Hakusema."

"Alijua kama kaulizwa?"

"Hakujua."

Akautazama ule mlango. Kisha akasema, "Umenijia mimi kwa sababu ulidhani mwalimu wa madrasa atakuunga mkono. Mambo ya mimbari yenu siyajui, wala siyaingilii. Lakini uongo naujua. Na husuda naijua, tena vizuri sana. Hayo mawili hayana haja ya kuulizana dini."

Nikashika nyundo bila kuitumia.

"Ngoja nikwambie," akaendelea. "Mimi nilimsomesha mtoto wa dada yangu toka hajui alifu. Akaja akanipita. Siku aliposoma mbele za watu, wazee walitoa machozi. Unajua nilifanya nini? Nilikwenda nyumbani nikajilaza, nikasema naumwa. Siku tatu, fundi, naumwa! Siku ya nne mama yangu akaingia chumbani. Akaniuliza, 'Mtoto kasomeshwa na nani?' Nikasema, 'Na mimi.' Akaniambia, 'Sasa waumwa nini?'"

Mimi nikacheka. Yeye hakucheka. Akanitazama sawasawa, akauliza, "Mkeo kasomeshwa na nani?"

Niliinama nikatafuta msumari ambao haukuwa umepotea.

"Maliza mlango," akasema Maalim, "halafu uende kwa mkubwa wako wa kanisa. Uende leo. Ukilala nalo, kesho utakuwa na sababu nyingine nzuri."

Nilipanda basi la alasiri. Mchungaji nilimkuta nyumbani kwake Kibiti akichambua mchele na mkewe. Nikamwambia yote kwa pumzi moja. Uso ukamwiva. Kisha akasema, "Mimi umenidanganya, na mimi nimekusamehe. Lakini aliyenyang'anywa si mimi. Na sikiliza, Zakaria. Kabla hujasimama kanisani, mwambie yeye kwanza, mkiwa wawili. Usije ukaungama mbele ya watu ili wamlazimishe akusamehe."

Neno lile lilinichoma, kwa sababu ndivyo hasa nilivyokuwa nimepanga.

Kesho yake asubuhi nikaendesha baiskeli mpaka bondeni. Alikuwa juu ya dungu, ameshika kombeo, akiwafukuza ndege kwenye mpunga uliochelewa kuiva. Nikapanda ngazi, nikakaa mlangoni, miguu ikining'inia. Nikasema, "Nilikuonea wivu. Hakukuwa na huruma yoyote. Wivu tu."

"Najua," akasema, macho yake kwenye mpunga. "Nimejua tangu siku uliponitamkia lile neno watoto wakacheka."

"Mbona ulinitetea mbele ya Mchungaji?"

Akageuka. "Sikukutetea wewe. Neema na Amosi walikuwa wamekaa benchi la mbele wanamtazama baba yao."

Nilitamani ngazi ile iwe ndefu niendelee kushuka bila kufika chini. Nikamwomba msamaha. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Nimekusikia," akasema. "Nipe siku zangu. Sasa shuka, ndege wanakula mpunga."

Jumapili nikasimama kanisani nikasema ukweli wote bila kuupamba. Nilivuliwa uzee wa kanisa, nikahamia benchi la nyuma, karibu na mlango. Nafasi ya chuo ilikuwa imeshakwenda kwa mtu mwingine, na nyingine haikupatikana mpaka baada ya miaka miwili. Na Tabita, wale wanaosema msamaha unakuja mara moja wasikudanganye, alichukua miezi. Siku moja tu nilirudi kutoka karakana nikamkuta anasoma kwa sauti, na Amosi amelala mapajani mwake. Nikasimama uani mpaka alipomaliza ukurasa, ndipo nikaingia.

Usidhani pia kwamba wivu uliniacha. Alipokwenda chuoni hatimaye, nikabaki na watoto, nikiunguza ugali na kusuka nywele za Neema vibaya hata walimu wakamhurumia. Barua zake zilikuja zimejaa maneno ambayo mimi sikuyajua. Ile sindano ilikuwa pale pale. Ila sasa nilikuwa nikiitaja. Nilikuwa nikimwambia Mungu kila asubuhi, "Bwana, leo tena namwonea wivu mke wangu," kisha natia kuni jikoni. Kuna siku nililisema mara kumi. Polepole likaanza kupungua nguvu.

Aliporudi, Mchungaji alimtuma kijiji kimoja upande wa Mtunda. Kulikuwa na familia sita zilizotoka kusini kuja kulima ufuta, watu wa kanisa, waliokuwa wakikusanyika kwenye kibanda chao. Walikuwa wameomba mtu wa kuwafundisha, na ndiyo maana baraza lilimtafuta Tabita ile mara ya kwanza. Mimi sikuwa nimeambiwa hilo, wala sikuwa nimeuliza. Tabita hakujua kuendesha baiskeli, kwa hiyo siku ya kwanza nilimpakia nyuma nikampeleka.

Kibanda tulikikuta kimeanguka, majani yameota katikati. Familia zilikuwa zimetawanyika. Wengine wamehama, wengine wameacha tu. Tukaelekezwa kwa bibi mmoja, Bibi Eunike, aliyekuwa akipepeta ufuta uani kwake. Tukamwamkia. Tabita akamwambia ametumwa na usharika.

Bibi akaweka ungo chini. "Mbona mmechelewa hivi?" akauliza. "Tuliomba, tukaahidiwa, tukangoja."

Tabita hakusema kitu. Hakunitazama hata. Alikuwa ananiachia nafasi ya kuchagua, na nikaelewa.

"Bibi," nikasema, "mwalimu wenu alikuwapo. Ndiye huyu. Mimi ndiye niliyemzuia."

"Kwa nini?"

"Nilimwonea wivu."

"Mkeo?"

"Ndiyo, bibi."

Akanitazama kwa muda mrefu, si kwa hasira. Kama mtu anayejaribu kuelewa kitu kigeni. Kisha akasema, "Tumezika watu wanne hapa, baba. Hakuna aliyejua kuwaongoza watu kuimba wala kuomba kaburini. Tulifukia tukarudi. Mmoja ni mume wangu."

Tabita akamshika bibi mkono, akamwomba atuonyeshe makaburi. Yalikuwa nyuma ya shamba la ufuta, kwenye jua kali. Tabita akaanza wimbo wa maziko, bibi akaupokea kwa sauti nyembamba. Waliimba kwenye kila kaburi, manne yote. Mimi nilisimama pembeni, kofia mkononi.

Tabita alitumikia pale miaka kumi na tisa. Walianza wawili, yeye na Bibi Eunike, na leo wana kanisa la matofali. Milango na madirisha yake niliyatengeneza mimi, na mimbari pia, nikampimia urefu wake yeye.

Nimekusimulia haya, mwanangu, kwa sababu Jumapili iliyopita nilikuona ukitoka nje pale yule kijana mgeni alipopewa kuongoza kwaya. Ulisema unakwenda kupokea simu. Mimi nimeshawahi kuwa na simu kama hiyo.

Kuona wivu kunampata kila mtu, hata mtu wa sala. Usijichukie kwa hilo, lakini usilivike nguo za busara. Usiliite huruma, wala utaratibu, wala kulinda kanisa. Liite kwa jina lake mbele ya Mungu, na mbele ya mtu mmoja asiyeogopa kukuuliza maswali, mapema, lingali bado wazo tu halijawa tendo. Usimjibie mwenzako jambo aliloulizwa yeye. Usimsahihishe mbele za watu kwa kosa ambalo ungeweza kumnong'oneza. Kama ulimfundisha wewe, hiyo ni heshima yako, ichukue. Kama hukumfundisha, kaa chini ujifunze. Na ukumbuke kwamba unapomzuia mtu mmoja, humjui anayemngoja mbele ya safari yake. Mimi niligombana na mke wangu moyoni, na waliolipa ni watu ambao sikuwa nimewahi kuwaona.

Nenda kesho kwenye mazoezi. Kaa karibu na yule kijana, umwonyeshe wapi waimbaji wa sauti ya tatu hukosea. Itakuuma. Fanya hivyo hivyo ikiuma.

Mungu aliyekupa sauti akupe na masikio ya kufurahia sauti ya mwenzio. Akufanye mtu ambaye wengine wanakua mbele yake bila woga. Nyumba utakayoijenga isiwe na mtu anayeificha karama yake ili wewe ulale vizuri. Na uzee ukufikie ukiwa na watu wengi wa kuwaonea fahari. Amina.